Naomba ushauri: tulipu yangu nyekundu imechanua na michirizi myeupe

Mpanda Maua
Nawasalimu nyote. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipanda tulipu nyekundu katika tuta moja la bustani yangu. Msimu huu mojawapo imenishangaza: petali zake ni nyeupe, na wekundu umebaki juu yake kama ndimi za moto, ilhali mwaka jana tunguu hilohilo lilitoa ua jekundu tupu. Sijawahi kuotesha ua zuri kama hili, na ningependa tuta zima lifanane nalo. Je, nitenganishe vitoto vya tunguu, au nikusanye mbegu?

Jembe la Zamani
Ndugu yangu, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Tunguu lililotoa rangi moja mwaka jana kisha likatoa michirizi mwaka huu, kwa kawaida limeambukizwa virusi. Virusi hivyo huvuruga antosianini, yaani rangi inayoifunika petali, hata rangi ya chini, nyeupe au ya njano, ikajitokeza mahali palipokosa kufunikwa. Wanaovieneza ni vidukari, wanaofyonza utomvu wa mmea mmoja kisha wakahamia mwingine. Tunguu hudhoofika kila msimu, na vitoto vyake vichache hurithi ugonjwa. Mbegu hazibebi virusi, kwa hiyo haziwezi kukurithisha michirizi hiyo, na mche wake huchukua miaka mitano hadi saba kuchanua. Ling'oe, wala usilitupe kwenye mboji, kwani linaweza kuchipua tena.

Msomaji wa Kale
Nakubaliana naye, ingawa roho inaniuma. Tulipu za namna hiyo, Semper Augustus ikiwa mashuhuri kuliko zote, ndizo zilizowapandisha Waholanzi wazimu wa kuzinunua kwa bei kubwa mno, hadi bei zilipoporomoka Februari 1637, na wanunuzi hawakujua kwamba walikuwa wakigombania ugonjwa. Mwaka 1928 tu ndipo mtafiti Dorothy Cayley, huko Uingereza, alipoonyesha kwamba hali hiyo huambukizwa, kwa kupandikiza kipande cha tunguu lenye michirizi katika tunguu lenye afya. Hata leo aina chache za kale, kama Zomerschoon na Absalon, zinatunzwa katika bustani ya Hortus Bulborum nchini Uholanzi, lakini hiyo ni kazi ya wataalamu.

Mpanda Maua
Nashukuru, ijapokuwa sikutarajia jibu hili. Kando ya tuta hilo nina mayungiyungi na tulipu nyeupe ambazo hazina dalili yoyote. Je, ziko salama?

Jembe la Zamani
Hapo ndipo penye mtego. Tulipu nyeupe haina rangi ya juu ya kuvurugwa, hivyo inaweza kubeba virusi bila ua lake kubadilika. Mayungiyungi nayo huambukizwa, kwa hiyo yapande mbali na tulipu na uwadhibiti vidukari mapema. Ukitaka michirizi isiyo na ugonjwa, nunua aina zilizozaliwa nayo: Carnaval de Nice ni nyeupe yenye mistari myekundu, na Princess Irene ni ya rangi ya chungwa yenye miali ya zambarau. Kusikokuwa na majira ya baridi, matunguu yakae kwenye friji wiki 12 hadi 16, mbali na matofaa, maana gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huua chipukizi la ua lililomo ndani. Kisha yafukie kina cha sentimita 15.

Mpanda Maua
Nimeling'oa asubuhi hii, baada ya kulipiga picha nyingi kuliko inavyostahili. Tulipu nyeupe nazo nimeamua kuziondoa. Nitaanza upya na Carnaval de Nice, katika tuta lililo upande wa pili wa nyumba.