Ushauri: Tamthilia ya sebule moja iwe filamu, nianzie wapi?

Mwanzisha uzi: Wakuu, nina tamthilia ya kurasa 96, wahusika watano, yote inachezwa sebuleni. Mtunzi yuko hai na ameridhia kwa mdomo. Nataka filamu ya dakika 95. Je, niwatoe nje ili isichoshe?

KalamuNzito: Mkuu, ridhaa ya mdomo haitoshi. Haki ya kuigiza jukwaani na haki ya kutengeneza filamu ni vitu viwili tofauti. Pata mkataba wa maandishi unaotaja filamu, lugha, muda na nchi, la sivyo msambazaji makini hataigusa.

Kutoka nje kuwe na sababu. Weka alama kila mhusika anaposimulia jambo lililotokea nje ya jukwaa. Hapo ndipo penye maonesho yako ya nje. Ukishalionyesha, futa simulizi yake. Halafu punguza maneno, hata theluthi nzima. Jukwaani mhusika husema "mikono inanitetemeka" kwa sababu mtu wa safu ya nyuma haioni. Kwenye filamu, kikombe kikigongagonga kisahani kinatosha kabisa.

LenziPana: Mimi ningebaki sebuleni. Filamu ya 12 Angry Men ya mwongozaji Sidney Lumet (1957) karibu yote imo ndani ya chumba kimoja. Inaanza kamera ikiwa juu ya usawa wa macho kwa lenzi pana (inayoonyesha eneo kubwa), inashuka hadi usawa wa macho, inamalizia chini kwa lenzi ndefu (inayovuta vitu karibu), dari ikionekana. Chumba kinazidi kubana bila mtu kusema neno. Ila lenzi ndefu inataka nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo tafuta chumba kikubwa kuliko unachodhani, au jenga seti yenye ukuta unaoondoka.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Na waigizaji wale wale wa jukwaani?

SikioLaSeti: Wanafaa, maneno wameshayashika. Kasoro ni mbili: wanapaza sauti, na wanasubiri kicheko cha watazamaji. Ule ukimya wa kusubiri kwenye filamu unabaki shimo. Wafanyishe mazoezi wakiwa wamekaa, umbali wa mkono mmoja, mpaka sauti ishuke yenyewe.

Kwenye picha za karibu wasidakiane maneno. Sauti ya asiyeonekana ikiingia juu ya anayeonekana, mhariri hawezi kuzitenganisha. Huko kudakiana mhariri atakuunda mwenyewe baadaye, akiunganisha vipande. Na kila mkimaliza onesho, wote wanyamaze, urekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kile kile, wa kuzibia mapengo ya sauti kwenye uhariri, taa zikiwa bado zinawaka.