Ushauri: gimbali juu ya viatu vya magurudumu, picha inayumba na kutetemeka

Kasipole
Wakuu, salaam. Kamera na lenzi ya milimita 24 ni kilo 1.6, gimbali (kishikio chenye mota kinachotuliza kamera) ya mihimili mitatu ni kilo 1.2, kwa hiyo mikononi kuna kilo 2.8. Kazi ni kumrekodi mkimbiaji: kwanza namfuata ubavuni, kisha natangulia mbele yake nikienda kinyumenyume. Viatu ni vya magurudumu manne kila mguu, mawili mbele na mawili nyuma, kipenyo milimita 57, ugumu 97A (namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi). Njia ni lami ya kawaida.

Shida ni tatu. Picha inapanda na kushuka. Inayumba kushoto na kulia kila mguu unaposukuma. Halafu kuna mtetemo mdogo mdogo unaofanya nguzo na kuta zipinde kama jeli. Gimbali nimeisawazisha, ikizimwa inakaa popote ninapoiacha. Nianzie wapi? Au ninunue kizibao cha kubebea kamera chenye mkono wa springi?

Fundi_Beringi
Mkuu, anza na jeli, kwa sababu chanzo chake kiko chini ya soli na dawa yake ni rahisi. Gurudumu la 97A ni la sakafu laini ya ndani. Kwenye lami kila punje ya kokoto inapanda mguuni hadi kwenye kamera. Kihisi cha kamera husoma picha mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mtetemo wa kasi hufanya mstari wa juu usomwe kamera ikiwa mahali fulani na wa chini ikiwa mahali pengine. Hapo ndipo nguzo zinapopinda. Mota za gimbali haziwezi kuuwahi mtetemo wa kasi hiyo.

Weka magurudumu ya 78A, milimita 62 hadi 65. Kabla ya kutoka, vaa viatu, egemea kila upande kwa nguvu, uangalie kama gurudumu linagusa soli. Likigusa, litakaba ghafla kwenye kona.

Beringi nazo zikaguliwe zote 16 (saizi ni 608). Yenye mchanga hunguruma, na mngurumo huo ni mtetemo mwingine. Nati ya ekseli ikaze mpaka gurudumu ligome, kisha ilegeze taratibu mpaka lizunguke huru na kubaki na mchezo mdogo sana wa pembeni. Nati ya bolti kuu inayoshika mpira wa usukani (ule unaokuwezesha kukata kona ukiegemea) usiilegeze kupita kiasi. Ikilegea, viatu vinaanza kutikisika vyenyewe kasi inapopanda, hasa kinyumenyume.

LenziPana
Naunga mkono magurudumu laini, lakini hayatagusa zile shida mbili za kwanza. Gimbali hurekebisha mizunguko mitatu tu: kuinama, kulala upande, na kugeuka. Mwili mzima ukihama sentimita tano kushoto, kamera inahama nao, na gimbali haina la kufanya. Kwa hiyo dawa iko kwenye miguu.

Hatua ya kawaida ya kuteleza, mguu mmoja mmoja, huhamisha uzito wote kutoka upande hadi upande. Huo ndio myumbo unaouona. Kuna njia mbili za kuukwepa.

Ya kwanza ni kuchukua kasi kabla ya picha kuanza. Sukuma kwa nguvu, kisha simama kwa mkasi: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, nafasi kati yao kama urefu wa kiatu kimoja, magoti yote yamekunjwa. Usisukume tena mpaka kasi iishe. Kwa vipande vifupi, hii ndiyo picha safi kuliko zote.

Ya pili, kwa vipande virefu, ni kusukuma miguu yote miwili kwa pamoja bila kuinyanyua. Visigino pamoja, vidole nje, achanisha miguu kidogo kupita upana wa mabega, kisha ivute vidole vikirudi ndani. Njia za miguu huchora umbo la jicho. Kinyumenyume ni vilevile kwa kugeuza: vidole pamoja, visigino nje, kisha visigino virudi. Kiwiliwili kinabaki katikati, myumbo unakufa. Wengi wanaharibu hapa: miguu ikiachana nyonga hushuka, ikirudi hupanda, na picha nayo inapanda na kushuka. Kunja magoti zaidi miguu inapokaribiana, yanyooshe kidogo inapoachana. Rudia bila kamera, mbele ya ukuta wenye mstari wa mlalo kwenye usawa wa macho, mpaka mstari huo usicheze.

Viwiko vikunjwe, vikae mbele ya mbavu bila kuzigusa. Kiwiko kikigusa mbavu, kila pumzi inafika kwenye picha.

Jambo jingine: kuhama kwa kamera huonekana zaidi kwenye vitu vya karibu. Ukipita mita moja kutoka kwenye nguzo, sentimita tano zinaonekana wazi. Kitu cha karibu kikiwa mita kumi, hazionekani sana. Chagua upande ulio wazi.

Mlingoti
Kuhusu springi: usinunue bado. Mkono wa springi unapunguza kupanda na kushuka, ila unaongeza uzito mwilini na hautibu myumbo wa pembeni. Ukifikia mlingoti wa aina ya Steadicam (nguzo yenye kamera juu na uzani chini), ujue kwamba sehemu ya chini ikiwa nzito sana, mlingoti hubembea kama pendulamu kila unapoongeza kasi au kufunga breki. Ulaze mlalo, uuachie: kwa matembezi hushuka mpaka wima kwa sekunde 2 hadi 3. Kwa magurudumu uufanye mwepesi zaidi chini, ushuke kwa sekunde 3 hadi 4.

Goti_Salama
Wakuu, kinyumenyume hakuna kwenda peke yako. Lazima awepo mtu nyuma yako, mkono wake kwenye mkanda wa kiuno chako, yeye ndiye macho. Kubalianeni maneno manne tu: kushoto, kulia, pole, simama. Asikuguse mabega, maana mabega ndiyo kamera.

Njia ifagiliwe yote, pamoja na mita 15 za kusimamia baada ya picha. Lami yenye maji, ahirisha. Kusimama kinyumenyume: egemea mbele kidogo, nyanyua visigino, breki za vidoleni zigusane na lami polepole. Ukienda mbele, panua miguu na ugeuze vidole ndani. Usiburute mguu mmoja nyuma, kwa sababu nyonga inageuka na picha inageuka nayo.

Kofia ngumu na kinga za magoti si hiari. Kinga za viganja zenye bamba gumu huzuia kushika mpini, kwa hiyo vaa glavu zenye kiganja kinene. Ukianguka, shuka kwa magoti na uiachie kamera. Anayejaribu kuiokoa hutua kwa kiwiko au kwa uso. Na usiifunge shingoni kwa mkanda.

Kasipole
Asanteni sana. Na mipangilio? Kamera ina utulizaji wake wa ndani. Halafu ubavuni, mguu upi utangulie?

LenziPana
Utulizaji wa ndani uzime kwanza, kisha linganisha. Kwa lenzi pana mara nyingi pembe za picha hucheza kihisi kinaposhindana na gimbali. Nguvu ya mota za gimbali ipandishe mpaka isikike ikivuma, kisha ishushe mpaka inyamaze. Ubavuni funga mgeuko wa pembeni, mbele uruhusu ufuate polepole. Rekodi fremu 50 kwa sekunde na uicheze kwa 25 kama mwendo wa taratibu unakubalika, kwani kila kupanda na kushuka kutachukua muda mara mbili. Sauti ya magurudumu huwezi kuikwepa, maiki ya mkimbiaji iwe kifuani pake.

Mguu: mkimbiaji akiwa kulia kwako, tanguliza wa kushoto. Nyonga zinafunguka kulia zenyewe na kiuno hakijikunji. Akiwa kushoto, tanguliza wa kulia.