Majirani Kota: hela ya kocha wa jimu inanunua nini?

[19:12] Mama Zuhura: Jamani majirani habari za jioni. Pale jimu ukishalipia mwezi wanakuuliza kama unataka na kocha wako mwenyewe, hela yake pembeni. Hiyo hela inanunua nini hasa? Mashine si zimebandikwa picha?

[19:14] Baba Junior: Inanunua mtu wa kukuhesabia moja, mbili, tatu 😂

[19:16] Kocha Seif: Wapo wa hivyo, sikatai. Huyo usimlipe, kuhesabu hata mtoto anaweza. Kocha unamlipa jicho na daftari.

[19:18] Kocha Seif: Picha haijui urefu wa mguu wako, Mama Zuhura. Chukua ile mashine ya kunyooshea magoti ukiwa umekaa. Ina ekseli pembeni, pale mkono wake unapozungukia. Ekseli ile inatakiwa ikae usawa wa goti. Egemeo la mgongo likiwa mbele au nyuma kupita kiasi, goti linazunguka kwake na mashine kwake, ndiyo unasikia watu wanasema jimu imewaharibu magoti. Kurekebisha ni kuchomoa pini moja tu, lakini aliyebandika picha hakuandika hilo.

[19:21] Dada Neema fizio: Na kabla hajakugusisha chuma, siku ya kwanza akae chini akuulize. Kifua kinauma ukipanda ngazi? Unapata kizunguzungu? Presha, sukari, mgongo, umejifungua lini, unatumia dawa gani? Kuna fomu inaitwa PAR-Q, maswali yake ya kwanza ni 7. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, anatakiwa akuhoji zaidi au akupeleke kwa daktari kabla ya kuanza. Kocha asiyeuliza hata dawa, chukua mkoba wako uondoke.

[19:24] Mzee Mbaruku: Mie mtu wa presha, nameza kidonge kila asubuhi. Lakini mashine ya kukimbilia inaonyesha mapigo ya moyo. Si inatosha?

[19:27] Dada Neema fizio: Shikamoo Mzee. Inategemea ni kidonge gani. Zile za jamii ya atenolol na bisoprolol zinazuia mapigo yasipande, kwa hiyo mashine itakuambia bado wakati mwili umeshachoka. Hapo namba achana nayo, tumia mdomo: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba huwezi, umefika panapotakiwa. Zile za kutanua mishipa, mfano amlodipine, ukisimama ghafla baada ya zoezi presha inaweza kushuka ukaona giza. Kwa hiyo mwishoni tembea taratibu dakika 5 hadi 10, usikimbilie kukaa. Na kipimo kikisoma 180 kwa juu au 110 kwa chini, siku hiyo hakuna mazoezi.

[19:28] Mzee Mbaruku: Marahaba binti yangu. Haya mashine haikuniambia.

[19:30] Kocha Seif: Na kubwa kwako Mzee ni kubana pumzi. Mtu akisukuma uzito huku amefunga koo, presha inaruka papo hapo. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha. Kocha mzuri hakai nyuma yako na simu, anakaa pembeni anasikiliza. Pumzi ikikata, anasimamisha seti, yaani mzunguko huo wa marudio.

[19:33] Baba Junior: Hayo ya wagonjwa na wazee wetu sawa. Sasa kijana mzima? Skwati nani hajui, si kuchuchumaa tu. Kazi ya kocha ni kukuongezea sahani za chuma za uzito ukiogopa.

[19:45] Kocha Seif: Baba Junior umenichokoza, soma yote.
Skwati inaanza bila chuma. Kaa na kuinuka kwenye kiti cha plastiki cha kawaida, seti 3 za marudio 10. Ikikaa sawa, shika dambeli ya kilo 6 au 8 kifuani kwa mikono miwili. Chuma kirefu kinakuja mwisho, kwa sababu chenyewe kitupu ni kilo 20. Wengi wanahesabu sahani tu, wanasema “nimebeba 20” kumbe mgongoni kuna 40.
Sasa jicho linaangalia sehemu tatu. Kwanza visigino. Vikinyanyuka, mara nyingi kifundo cha mguu ni kigumu. Kipimo: vua viatu, weka dole gumba la mguu sentimita 10 kutoka ukutani, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Haligusi? Huo ndio ugumu wenyewe. Siku hiyo anakuwekea sahani mbili za kilo 2.5 chini ya visigino uendelee na kazi, na nyumbani unafanya hilohilo la ukutani mara 10 kila mguu.
Pili magoti. Yakikimbiliana ndani wakati wa kuinuka, uzito umezidi au makalio hayafanyi kazi. Anapunguza sahani, anakufunga mkanda wa mpira unaovutika juu ya magoti, anakuambia usukume mpira nje.
Tatu kiuno. Ukifika chini kabisa mfupa wa mkia ukajikunja ndani, kina chako kinaishia juu kidogo ya hapo. Usishindane na wa pembeni, nyonga za watu hazifanani.
Haya mwenyewe huyaoni. Kioo kinaonyesha mbele, kiuno kiko pembeni, na ukigeuza shingo uchungulie ukiwa na mzigo umeongeza kosa jingine.

[19:47] Baba Junior: 🙌🏾 Haya mwalimu. Kuongeza sahani sasa, lini?

[19:50] Kocha Seif: Chagua uzito unaokufikisha 8 hadi 10 huku ukibaki na marudio 2 ya akiba. Lengo likiwa 10, seti ya mwisho ukafika 12, na siku ya mazoezi inayofuata ukafika 12 tena, ongeza. Kilo 5 kwa miguu, 2.5 kwa kifua na mabega. Hapo ndipo daftari linapolipa: tarehe, zoezi, uzito, seti, marudio, akiba ilibaki ngapi. Bila hiyo unakuja Jumatatu umesahau Alhamisi ulibeba nini, unakisia, na mwaka unakatika uko kwenye dambeli zilezile.

[19:52] Mama Zuhura: Lakini wanasema mwili usipouma kesho yake hujafanya kitu.

[19:55] Dada Neema fizio: Wanakudanganya. Maumivu ya kukaza ya siku ya kwanza hadi ya tatu ni ya kawaida kwa mwili mgeni, na yanapungua kadiri unavyozoea huku nguvu ikipanda. Usiyatafute. Ila sikilizeni hapa: msuli ukivimba, mkono haukunjuki, mkojo ukawa rangi ya kola, nenda hospitali saa hiyohiyo. Msuli umevunjika na uchafu wake unaingia kwenye figo. Hii huwapata wageni wanaopigishwa skwati mia mbili siku ya kwanza ili waone kocha mkali. Kocha mkali wa namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na kocha.

[19:57] Kocha Seif: Nakazia. Siku ya kwanza mtu atoke akisema “mbona nilikuwa naweza zaidi”. Na akianza kukuuzia vidonge vya kukata kitambi, umepata muuza duka.

[19:59] Mama Zuhura: Sasa mimi hela ya kocha kila siku sina, niwe mkweli.

[20:03] Kocha Seif: Usinunue kila siku. Nunua mwanzoni. Wiki za kwanza nguvu inapanda haraka, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni neva zinajifunza njia, msuli wenyewe unafuata baadaye. Ukijifunza vibaya kipindi hicho, unakaririsha kosa. Kwa hiyo mara 2 kwa wiki mwezi mmoja, ni vipindi 8. Kisha unajitegemea na daftari, unamlipa kipindi kimoja kila wiki 4 akukague na kukupangia upya. Au changieni watatu. Wakizidi wanne jicho halitoshi.

[20:05] Dada Neema fizio: Na mara 2 hizo za nguvu ndizo Shirika la Afya Duniani liliandika 2020 kwa watu wazima, angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mwendo wa kukuchangamsha. Hizo dakika 150 hazihitaji kocha, kutembea hadi sokoni na kurudi kunahesabika.

[20:06] Baba Junior: Kwenye benchi je, nimelala nasukuma chuma juu ya kifua, wa kunilinda asimame wapi?

[20:09] Kocha Seif: Upande wa kichwa chako, mikono karibu na chuma bila kukigusa, na mmekubaliana idadi kabla hujalala. Dole gumba lako lizunguke chuma, usikiache kikae kwenye kiganja wazi. Ukiwa peke yako, panga vyuma vya usalama vya pembeni usawa wa chini kidogo ya kifua kilichojaa hewa.

[20:12] Mama Zuhura: Basi tutafute watatu. Mimi, Mzee Mbaruku kama hatajali, na mmoja zaidi.

[20:14] Mzee Mbaruku: Sijali. Saa 12 asubuhi nikitoka msikitini. Kipimo cha presha nakuja nacho.

[20:15] Dada Neema fizio: Mzee, ukae dakika 5 mgongo umeegemea ndipo upime, mkono uwe mezani. Na chai ya rangi baada ya kupima, si kabla.

[20:16] Mzee Mbaruku: Hapo kwenye chai tutagombana.