Pikapu ya zamani ya kuingia nayo porini, nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Wakuu habari zenu. Natafuta pikapu ya zamani ya 4x4, sio ya mzigo wala ya kwendea kazini, ni ya kuingia nayo njia za porini tu, yale makorongo, mawe, vijito vya kuvuka na tope la kutitia. Nimebaki na tatu: Toyota Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 90, Nissan Hardbody D21 na Mitsubishi L200 ya miaka hiyo hiyo. Zote double cab, dizeli, gia za mkono. Kila ninayemuuliza ananiambia chukua Hilux, nikiuliza kwa nini anasema tu hiyo gari haifi, sasa mimi nataka sababu. L200 ina tabo, inavuta vizuri na bodi inang'aa kabisa, Hilux imepauka rangi na bampa limepinda. Nianzie kuangalia wapi?

Fundi_Chini
Mkuu rangi iache kwanza, anzia chini. Nenda na tochi na nyundo ndogo, lala chali chini ya gari, gonga chesisi taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia ngaa, kilichooza kinatoa sauti ya kufifia na magamba yanakudondokea usoni. Kaa sana pale juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikia kwenye chesisi, maana tope linajikusanya hapo, halikauki, na kutu inakula kutokea ndani wakati nje bado unaona rangi nyeusi safi. Na ukikuta chesisi imepakwa rangi mbichi wiki hii hii kwenye gari ya miaka 30 basi jiulize kwa nini. Injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa, chesisi iliyooza ukiitia kwenye mawe inajikunja inaenda kupasuka pale pale palipochomelewa viraka. Mimi bora Hilux iliyopauka yenye chesisi kavu kuliko L200 inayong'aa ambayo sijaiona chini.

vumbi_na_tope
Umeuliza sababu ya Hilux, sababu kubwa iko mbele. Hilux nyingi za 4x4 za kizazi kile cha 1988 mpaka 1997 zina ekseli nzima mbele na springi za mabapa, tairi moja likipanda jiwe ekseli yote inainama nalo na lile tairi jingine linasukumwa chini likashike ardhi. D21 na L200 kila tairi la mbele linajitegemea, ni nzuri barabarani, haikurushi rushi, ila kwenye korongo tairi moja linaning'inia hewani mapema na likishaning'inia nguvu yote ya mbele inaenda kuzunguka bure. Ila angalia sana, sio kila Hilux ya miaka hiyo iko hivyo, za soko la Marekani ziliacha ekseli nzima tangu za 1986, kwa hiyo mwaka peke yake haukwambii kitu, inama uone mwenyewe kama kuna springi za mabapa mbele na bomba la ekseli limekatiza toka tairi hadi tairi. Ukishaliona, angalia yale mabonge ya mviringo nyuma ya matairi ya mbele, yakiwa yamelowa uji mweusi wa grisi iliyochanganyika na oili ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ujue sili za ndani zimekufa, sio mwisho wa dunia ila ni kazi ya kufungua yote na umwambie muuzaji apunguze. Injini omba iwe ile inayoitwa 3L, ya lita 2.8, isiyo na tabo. Ile 2L-T yenye tabo inajulikana kwa kupasua silinda hedi ikichemsha, na porini unatambaa polepole kwenye jua, upepo wa kupooza rejeta haupo.

Hardbody mtupu
Jamani mnamtisha bure kuhusu D21. Kama ina TD27 ile ya lita 2.7 isiyo na tabo ni injini ya kuaminika sana, haina belti ya taimingi, inatumia gia, kwa hiyo hakuna siku utakatikiwa na belti katikati ya pori. L200 yenye injini ya 4D56 ina belti mbili, kubwa na ile ndogo ya kupunguza mtetemo, na hiyo ndogo ndio wengi wanaisahau, ikikatika inanasa kwenye kubwa na pale juu vinavunjika vitu. Ukiipenda L200 ichukue, ila siku hiyo hiyo badilisha belti zote mbili hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Na njia nyingi za pori hazihitaji ekseli nzima mbele, zinahitaji tairi nzuri na dereva mwenye subira. Punguza upepo mpaka psi 18 hivi uone D21 inavyotembea kwenye mawe, ila ukirudi lami jaza.

vumbi_na_tope
Kwenye upepo wa tairi nakuunga mkono kabisa. Kwenye makorongo bado sijakubali.

Muulizaji
Asanteni sana aisee nimepata pa kuanzia. Nikienda kuijaribu nafanyaje na 4L, ile gia ndogo ya 4x4 ya kutambaa polepole? Muuzaji mmoja ananiambia inaingia vizuri ila nisiijaribu.

Fundi_Chini
Huyo anayekukataza kujaribu muache. Ila usijaribie lami, tafuta udongo au changarawe, kwenye lami matairi hayapati pa kuteleza, mfumo unajikaza na unaweza kuvunja kitu. Funga zile habu za mbele (vile vitovu vya matairi vinavyounganisha tairi na ekseli) kwa mkono kama ni za kufunga, simamisha gari, weka nyutro ya gia, ingiza 4L, kisha gia ya kwanza uachie klachi bila kukanyaga mafuta. Kwenye Hilux za zamani uwiano wa gia ya kwanza ni kama 3.9, wa ile 4L ni 2.28, wa difu ukiwa 4.10 ukizidisha zote injini inazunguka zaidi ya mara 36 ndio tairi linazunguka mara moja, kwa hiyo gari inatakiwa itambae polepole kuliko mtu anayetembea na bado ipande kilima. Tafuta mteremko, shuka nayo hivyo hivyo mguu uko mbali na breki. Gia ikichomoka yenyewe ukiwa unashuka, hilo ni tatizo kubwa, ondoka. Ukimaliza fungua nati ya kujazia oili ya difu zote mbili uchovye kidole, ikiwa rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia, gari ilivushwa mtoni na hakuna aliyebadilisha oili. Muulize lini, umuangalie anavyojibu.