Mashine ya boti imezama: nitengeneze hapa Amu (Lamu), nipeleke Mombasa au ninunue nyingine?

mvuvi_wa_mkanda: Assalam aleikum jamaa. Mashine yangu imechomoka botini pale kwenye mkondo wa Mkanda ikaenda chini. Tumeitoa. Fundi wa hapa ataka 25,000. Wa Mombasa asema 60,000, spea kando. Kuna mtu anauza iliyotumika, 120,000. Nishike lipi?

spana_mokowe: Waleikum salam. Mbona hujasema kitu, ndugu yangu? Mashine gani? Stroki mbili, ya kuchanganya oili na petroli, au nne? Ilikuwa inanguruma au imezimwa? Na tangu itoke majini iko wapi?

mvuvi_wa_mkanda: Yamaha Enduro 15, stroki mbili. Imetoka juzi, iko barazani, imeshakauka vizuri.

spana_mokowe: Ungeomba isikauke! Chuma chenye chumvi kikipata hewa ndipo kutu hukimbia. Kama fundi hayuko karibu, mashine hutiwa kwenye pipa la maji matamu ikamngoje humo. Ioshe leo hii, toa plagi, ilaze maji yatoke silindani, mimina oili, kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu. Likigoma usivute kamba. Iliyozama ikinguruma humeza maji, na maji hayabanwi, konrodi, ule mkono wa pistoni, hupinda. Ndiyo maana nikauliza.

bi_tezi: Mimi ya rahisi ilinikomesha. Yetu ilizama wakati wa kusi. Fundi, simtaji, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, ikawaka mara moja. Tukamlipa kwa furaha. Baadaye tuko na abiria twaelekea Matondoni, ikaanza kugonga, halafu ikafunga kabisa, tukasukumwa na maji mpaka kwenye mikoko. Ilipofunguliwa, vile vipini vidogo vya beringi ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, vilimwagika vyekundu kwa kutu, vingine vimekatika. Kranki, beringi, sili, gasketi, zote mpya. Muulize huyo wa 25,000: anafungua injini yote au anaosha kabureta tu?

kaskazi_tupu: Nunua stroki nne uachane na haya. Petroli kidogo, kelele hakuna.

spana_mokowe: Nayo ikizama? Oili yageuka chai ya maziwa, unamwaga, unatia, unamwaga tena. Na uzito wake nani ataubeba mpaka ufukweni?

kaskazi_tupu: Yangu naibeba peke yangu.

bi_tezi: Labda kwenye punda.

mzee_wa_tanga: Mashua zetu zilifika Mombasa kwa tanga. Tanga likilowa laanikwa.

spana_mokowe: Mzee, samaki wangoja barafu, hawangoji upepo. Wewe mvuvi, skrubu za kubania zilikatika, au ubao wa tezi, pale nyuma ya boti inapofungwa mashine, umeoza? Ukiwa umeoza hata mpya itaifuata hiyo chini. Na ilikuwa inanguruma?

mvuvi_wa_mkanda: Ubao mzima. Nimeuliza bei, jamani.

kaskazi_tupu: Hiyo ya 120,000 iko Amu au Mokowe? Kama huichukui niandikie pembeni.

mvuvi_wa_mkanda: Subiri kwanza, naenda kuiona baada ya alasiri.