Mtoto wa miaka 6 na programu: mchezo, au tunamharakisha?

Mama_Tulivu: Wadau, naomba maoni. Wangu ana miaka 6. Nianze kumfundisha kutunga programu za kompyuta hapa nyumbani kwa michezo, au nimwache kwanza achezee tope? Baba yake anasema namharakisha.

Kalamu_Butu: Mwache na tope lake. Wazazi wengi wa "programu kwa watoto" wanatafuta yaya wa kioo tu, walale mchana.

BabaTausi: Yaya wa kioo? Nani kakuambia lazima kompyuta iwashwe? Jana roboti nilikuwa mimi. Binti anaamuru: hatua nne mbele, geuka kushoto, hatua mbili. Nikagonga kabati! Kumbe alihesabu kwa hatua zake, si zangu. Akanyamaza, akanirudisha mlangoni, akasema, "Basi mbili za baba." Kusaka kosa ndiko huko. Na mchana sijalala tangu azaliwe.

Kalamu_Butu: Hiyo inaitwa kucheza na baba. Ilikuwepo kabla ya kupewa majina makubwa.

Mti_Mkavu: Hata programu za watoto si jambo geni. Logo, ile lugha ya kompyuta ya kobe anayechora, si ilitoka miaka ya themanini?

Nukta: 1967, mkuu. Waliibuni Papert, Feurzeig na Solomon. Themanini unakumbuka ilivyoenea. Ya juzi ni Scratch, ya kupanga vitalu vya amri kwenye kioo, 2007.

Mama_Tulivu: Scratch itamfaa huyu wangu?

Nukta: Ililengwa miaka 8 hadi 16. Wako mpe ScratchJr, 5 hadi 7. Vitalu vyake ni picha, hata asiyejua kusoma anavipanga.

Kalamu_Butu: Bado nasubiri jibu la kulala.

Shangazi_Mkali: Chukua langu. Mpwa wangu alitia mlio wa paka ndani ya kitalu cha "rudia daima". Nyau nyau nyumba nzima, na wa kuuzima ni yeye tu, naye kajificha chini ya kitanda anacheka. Hapo kalala nani?

Kalamu_Butu: Mpwa! Mngekuwa na wa kwenu msingeona raha hivyo.

Shangazi_Mkali: Nimelea watatu wewe ukiwa unanyonya. Koma!

Mti_Mkavu: Kalamu, hilo umelitafuta mwenyewe.

Kalamu_Butu: Samahani, shangazi. Ila tope nalo libaki.

BabaTausi: Jamani, mama wa watu aliuliza swali.

Mama_Tulivu: Msijali. Nilimsomea baba yake ile ya roboti. Sasa hivi yuko jikoni anaamrishwa, na nimesikia kitu kimeanguka.