Stendi ndogo za hizi pikipiki mpya ni mtego, na wauzaji wanatuona mazuzu

Wakuu, nimejizuia vya kutosha, leo acheni niteme nyongo. Naongelea stendi ndogo ya pikipiki, ile ya pembeni kushoto unayoishusha kwa kisigino. Najua kuna watu washaanza kucheka kwamba mtu mzima anafungua uzi kwa ajili ya stendi. Haya cheka, ila siku chombo kikikulalia mguuni na mtungi wa gesi wa abiria ukiwa juu yake, rudi hapa tucheke wote.

Nina pikipiki ya cc 150. Niliichukua mpya dukani kwa hela yangu ya kudunduliza, siyo ya mkataba na bosi. Aina sitaji na duka sitaji, sina hela ya wakili. Kijiwe changu kipo Mbezi, Dar es Salaam, napeleka watu Makabe, Msakuzi, Goba na huko ndani ndani. Anayezijua njia zile anaelewa: mlima, kokoto, mchanga, kona, halafu mlima tena. Injini sina neno nayo. Inapanda vizuri, mafuta inakunywa kwa adabu, taa inamulika mpaka mbele kabisa. Lakini hiyo stendi! Ilianza kulegea wakati matairi bado yana vile vinyweleo vya kiwandani.

Dalili yake kwanza ni pikipiki kulala kushoto kuliko ulivyoizoea. Unaipaki, unageuka, unajiuliza mbona leo imeinama hivi. Wiki inayofuata imeinama zaidi. Ukiishika stendi kwa mkono ukaitikisa inacheza kulia na kushoto, wakati ile kitu inatakiwa kwenda mbele na nyuma tu. Baada ya hapo springi nayo inachoka. Ukiipandisha haibani, inaning'inia tu, ukipita tuta inashuka yenyewe. Mimi nilifika mahali nikawa naifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Pikipiki mpya, bado inanuka duka, stendi imefungwa tyubu! Abiria akitaka kushuka inabidi kwanza niiname nifungue mpira, halafu ndiyo nishushe stendi.

Sasa sikilizeni kwa nini hili si jambo la kuchekea. Stendi ipo kushoto, na nchi hii tunaendesha kushoto. Kingo za barabara zinateremka kuelekea kushoto ili maji yaende mtaroni. Kwa hiyo kila unaposimama pembeni kushusha abiria, pikipiki iliyokwisha kuinama kwa sababu ya stendi mbovu inaongezewa na mteremko wa barabara. Mtoto akigusa usukani imeenda. Na stendi ikishuka ukiwa unatembea, kwenye njia iliyonyooka utasikia tu inakwaruza, ukiwa na bahati. Kona ya kulia itakusamehe. Kona ya kushoto ndiyo mwisho wa maneno, maana unailaza pikipiki upande uleule wenye chuma kimejitokeza, chuma kinagonga lami, tairi la nyuma linanyanyuka.

Kuna mabingwa watakuja kusema ikigusa chini inajirudisha yenyewe nyuma. Ndiyo, inarudi kama mhimili wake ni mzima na kuna grisi. Yangu ilikuwa imeshapinda, haikurudi. Ilinikuta nateremka Msakuzi, nyuma nina dada niliyempakia pale kituo cha Magufuli na begi lake la safari. Pona yetu ilikuwa makorongo, maana nilikuwa naenda mdogo mdogo. Tukayumba, nikatoa mguu, tukaishia mtaroni tukiwa tumesimama. Yule dada akashuka, akaniangalia juu mpaka chini, akalipa nusu nauli, akajitwika begi lake akaondoka kwa miguu. Hakusema hata neno. Bora angenitukana.

Nikarudi dukani nilikonunua. Jamaa wa kaunta, kijana wa makamo na kalamu sikioni, hata kutoka nje kuiangalia hakutoka.

"Kaka, waranti ni ya injini."

Nikamwambia ndugu yangu, hii kitu itaua mtu. Akasema stendi ni kifaa cha kuisha, sawa na tairi na breki. Nikamuuliza, umeshaona wapi tairi linaisha kabla halijaota kipara? Ndipo akatoa ule wimbo wao: "Tatizo nyie bodaboda mnazikalia. Stendi ndogo haikutengenezwa kukaliwa."

Nimelala na hiyo kauli, nimeamka nayo. MNAZIKALIA. Haya, tuseme tunazikalia. Kijiweni benchi liko wapi? Dereva anakaa juu ya pikipiki yake akisubiri abiria kuanzia alfajiri, na hilo hata anayeziagiza kontena kwa kontena analijua. Abiria anapanda stendi ikiwa chini. Mama anakuja na kiroba cha unga na dumu la mafuta, unafunga mzigo stendi ikiwa chini. Hawa watu wanazitangaza kwa picha ya bodaboda amebeba mzigo mpaka juu ya kichwa, wanasema ni chuma cha kazi, halafu kazi ikiiua wanasema umeitumia kwa kazi. Na kuna sheria, wakuu, msifikiri hamna. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: ukimweleza muuzaji unanunua kitu kwa kazi gani, ukamtegemea ujuzi wake, kitu hicho kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Mimi nilimwambia pale pale kaunta kwamba ni ya bodaboda. Akacheka, akasema "hii ndiyo yenyewe."

Nikaenda Gerezani kwa mafundi. Hapa ndipo nilipoelewa uozo wenyewe, na wale mnaofanya service wenyewe nawaomba msome taratibu.

Stendi ina masikio mawili yanayokumbatia kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye fremu. Katikati inapita boliti moja tu. Pikipiki ni zaidi ya kilo mia kabla hujaweka mzigo, na uzito wote unaolalia kushoto unaegemea hiyo boliti. Ile boliti inayotakiwa siyo ya kawaida. Ina shingo laini isiyo na nyuzi, nene kidogo, na stendi inazunguka juu ya hiyo shingo. Nyuzi zinaanza mwishoni, pale nati inapokaa. Ukikaza nati, inabana kwenye shingo, stendi inabaki huru kuzunguka bila kuchezacheza. Akili nzuri kabisa ya mtu aliyekaa chini akafikiri.

Sasa fundi alipoifungua yangu, shingo ilikuwa imelika upande mmoja na tundu limekuwa na umbo la yai. Grisi hakuna hata harufu. Kavu, vumbi jekundu na kutu. Mtu aliyeifunga mwanzo hakuipaka, na sisi wote tunajua pikipiki zinakuja vipande vipande kwenye maboksi zinaunganishiwa hapa. Anayeunganisha anakimbizana na idadi, grisi ya stendi ataikumbuka saa ngapi?

Fundi akasema boliti ya shingo haipo sokoni, tutaweka hii. Akatoa boliti ya kawaida yenye nyuzi kuanzia juu mpaka chini. Wakuu, msikubali hiyo kitu hata siku moja! Nyuzi zikizunguka ndani ya tundu zinafanya kazi ya tupa, zinakula chuma kila unaposhusha na kupandisha. Na nati yake huwezi kuipatia: ukiikaza stendi inagoma, ukiilegeza inachezacheza tena. Nilizunguka Kariakoo nikitafuta ya shingo. Unaonyesha sampuli, mwenye duka anaigeuzageuza, anakwambia chukua stendi nzima. Stendi nzima ukiichukua inakuja na boliti laini kama siagi ya mchana.

Springi nayo ni hadithi nyingine. Za awali zilikuwa mbili, moja ndani ya nyingine, kwa maana ikikatika moja nyingine inashikilia usidhurike. Ya dukani ni moja, ndefu, buku mbili, inavutika siku chache imeshakuwa tambi. Springi ya stendi inafanya kazi kwa mvutano: inatanuka zaidi stendi ikiwa katikati ya njia, ikishavuka katikati inaivuta ibane juu au isimame chini. Ikiwa ndefu kuliko kipimo, hakuna kuvuta kokote, stendi inakaa inapotaka.

Kuna fundi mwingine, huyu wa mtaani kwetu, alikuja na dawa yake. Pikipiki inainama sana? Basi tuirefushe stendi. Akachomelea kipande cha nondo chini. Ikawa imesimama wima, inapendeza kweli. Jioni lori likapita karibu, upepo wake ukaisukuma, ikaanguka kulia kwenye ekzosi ya moto. Kumbe kuinama kidogo ndiko kunakoishikilia! Na pale alipochoma kwa gesi chuma kikalainika, kikaanza kupinda chenyewe. Huyo nilimwachia na nondo yake.

Na kila ikianguka kushoto ni hesabu. Mkono wa klachi umekatika. Saiti mira. Indiketa. Pedeli ya gia imepinda, unaiponda na nyundo kuirudisha. Petroli inavuja kwenye mfuniko wa tangi. Hapo kama una abiria anakusubiri amechukua mwingine. Na mimi chombo ni cha kwangu. Waza kijana wa mkataba ambaye ikianguka bosi anasema hesabu iko palepale, saiti mira nunua, na ukileta habari za stendi anakwambia mbona fulani halalamiki.

Wenzetu Ulaya walishaliwekea sheria hili jambo mwaka 1993. Stendi ya pembeni lazima ijirudishe yenyewe pikipiki inaponyooka au inapoanza kwenda, au kama haijirudishi, basi injini isiweze kuiendesha pikipiki ikiwa stendi iko chini. Ndiyo maana baadhi ya pikipiki zina kile kiswichi kwenye stendi: ukiweka gia nayo ikiwa chini, inazima. Yangu haina. Jamaa yangu wa kijiweni yake inacho, lakini springi ilipolegea stendi ikawa inatikisika kwenye rasta, vile vituta vidogo vidogo vya barabarani, swichi inadhani imeshuka, inamzimia katikati ya barabara. Fundi akamkatia waya mbili akaziunganisha, tatizo kwisha. Kwa hiyo hata kinga yenyewe inauawa na springi ileile ya buku mbili.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka boliti ya shingo iuzwe peke yake kama wanavyouza plagi. Nataka wanaounganisha wapake grisi. TBS, shirika la viwango, nao wakikagua pikipiki wainame chini waangalie unene wa kile kipande kilichochomelewa kwenye fremu, wasiishie kwenye taa na honi. Na waranti iandikwe wazi: kama stendi haimo, iandikwe kwa herufi kubwa niione kabla sijahesabu hela, siyo niambiwe baadaye na mtu mwenye kalamu sikioni.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza, nijibu ya muhimu.

Aliyesema "tumia stendi kubwa tu": mkuu, wewe unapaki nyumbani kwako. Mimi nashusha abiria kutwa nzima, kila nikifika nishuke, niinyanyue yote nyuma na mzigo wake, tena kwenye mchanga inakozama miguu yote miwili? Nikipaki usiku naitumia. Kazini haiwezekani.

Aliyesema niweke jiwe au kopo lililobondwa chini ya mguu wa stendi: hiyo ni ya mchanga, matope na lami ya jua kali, na naifanya. Kopo la soda lililobondwa ninalo mfukoni hata sasa. Haitibu tundu lililolika.

Kwenye mlima, kwa faida ya wageni: elekeza pua juu, weka gia ya kwanza. Ukiielekeza chini inajisogeza mbele, stendi inajikunja, unaikuta imelala.

Anayeniita mlalamishi mtaalamu, nimekuona. Endelea.

Mmoja amesema alichukua fremu kwa fundi wa kukereza, wakatanua tundu wakaingiza bushi ya shaba, yaani kipande cha bomba kinachovaa boliti, na boliti ya kuchonga, na haijacheza tena. Huyo ndiye namtafuta. Mkuu, ni wapi, na walikutoza ngapi? Kuna yeyote anayefanya hiyo kazi Kimara au Mbezi nisiipeleke tena mpaka mjini? Jibuni hapa hapa uzini wote wafaidike. Na anayenifuata pembeni kuniuzia pikipiki nyingine aache, kwanza atume picha ya stendi yake.